Chaja Moja kwa Simu Zote: Tusiwaachie Wengine Watuamulie

Muhula uliopita, siku ya mwisho ya kuwasilisha kazi za kozi ninayoifundisha, mwanafunzi wa mwaka wa pili aligonga mlango wa ofisi yangu. Aliniamkia, nikaitikia, kisha akaniomba nimwazime chaja. Kazi yake yote alikuwa ameiandika kwenye simu kwa sababu hana kompyuta. Simu ilikuwa imezimika, na waya wa chaja yake ulikuwa umekatika asubuhi ile. Nilivuta droo ya meza nikiwa na hakika kwamba tatizo lake limekwisha. Ndani ya droo mlikuwa na nyaya saba nilizozikusanya kwa miaka zaidi ya kumi: za simu za zamani zenye pini nyembamba ya duara, za micro-USB, moja ya iPhone, na moja ya kamera iliyokwisha kufa. Hakuna hata moja iliyoingia kwenye simu yake.

Kisa kiliisha salama. Mwenzangu wa ofisi ya jirani alikuwa na waya uliofaa, na kazi iliwasilishwa dakika chache kabla ya muda kwisha. Lakini swali lilibaki nami. Iweje vifaa vinavyofanya kazi ileile, vinavyotumia umeme uleule, vikatae kuchajiwa kwa waya uleule? Na sasa ambapo simu nyingi mpya zimeanza kukubaliana juu ya tundu moja, ni nani aliyeamua iwe hivyo?

Katika makala haya nina hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba watengenezaji wa simu wanapaswa kulazimishwa na sheria kutumia tundu moja la kuchajia, kwa sababu walipoombwa tu hawakufanya. Ya pili, ambayo ndiyo nzito zaidi kwetu, ni kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki iandike sharti hilo yenyewe, badala ya kusubiri manufaa yatudondokee kutoka meza za wengine.

Wapo watakaoona kwamba hili ni jambo dogo mno kushughulikiwa na dola. Tuna barabara, hospitali na ajira za kufikiria. Waya wa chaja una nini? Nawajibu kwamba simu haikubaki kuwa chombo cha kupigia soga. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, simu imekuwa pochi ya mamilioni ya watu ambao hawajawahi kusimama mbele ya dirisha la benki. Mwanafunzi huomba mkopo wa elimu ya juu mtandaoni. Mwananchi hulipia huduma za serikali kwa namba ya malipo inayotumwa kwenye simu. Mkulima huulizia bei ya mazao kwa simu. Sisi wenyewe, tulio katika utumishi wa umma, tumewahamishia wananchi madirisha yetu mengi hadi kwenye kioo cha simu. Ukishafanya hivyo, chaji ya simu inakuwa sehemu ya huduma ya umma, na simu iliyozimika ni sawa na ofisi iliyofungwa.

Mzigo huu haubebwi kwa usawa. Mwenye kipato kizuri ana chaja nyumbani, nyingine ofisini na ya tatu garini. Kwake, tundu tofauti ni kero ya dakika mbili. Kwa familia inayotumia simu tatu za aina tatu na haina umeme wa uhakika, ni gharama inayojirudia. Pita kwenye vibanda vya kuchajia simu katika vijiji visivyo na umeme na utaona nyaya zenye vichwa vingi zikining'inia, kwa kuwa mwenye kibanda hajui mteja anayefuata ataleta simu ya tundu gani. Kila kichwa cha ziada ni fedha yake aliyoitoa, na fedha hiyo mwishowe humrudia mteja.

Sasa tuangalie mabadiliko haya yalivyotokea, kwa maana ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwaka 2009 kampuni kubwa za simu, Apple ikiwamo, zilitia saini hati ya makubaliano na Tume ya Ulaya kwamba simu zao zitatumia chaja ya aina moja, ya micro-USB. Yalikuwa makubaliano ya hiari. Wakati huo kulikuwa na aina zipatazo 30 za chaja katika soko la Ulaya, na miaka michache baadaye zilikuwa zimebaki tatu hivi. Hayo yalikuwa mafanikio, wala sitayabeza. Lakini hati ileile iliruhusu kampuni kuuza kipande cha kuunganishia badala ya kubadili tundu lenyewe. Mwaka 2012 Apple ilileta tundu lake jipya, Lightning, na kampuni nyingine zilizotaka kutengeneza nyaya zilizoidhinishwa za tundu hilo zililazimika kupata leseni yake. Kampuni inayolipwa kwa sababu ya tofauti haina haja ya kuiondoa tofauti hiyo kwa hiari yake. Silisemi hili kwa chuki. Ndiyo hesabu ya biashara ilivyo.

Ulaya ilisubiri zaidi ya miaka kumi. Hatimaye, tarehe 4 Oktoba 2022, Bunge la Ulaya lilipitisha sheria kwa kura 602 za ndiyo, 13 za hapana, na wajumbe 8 hawakuegemea upande wowote. Kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, simu, tableti, kamera za kidijitali, visikilizio, spika za kubebeka na vifaa vingine vidogo vinavyochajiwa kwa waya haviruhusiwi kuingizwa vipya katika soko la Umoja wa Ulaya bila kuwa na tundu la USB-C. Kompyuta mpakato zimewekewa tarehe ya 28 Aprili 2026. Apple ilikuwa imelalamika kwamba kulazimisha tundu la aina moja kungeua ubunifu. Septemba 2023, kabla hata tarehe ya sheria kufika, ilizindua iPhone 15 yenye USB-C, na iliiuza hivyo dunia nzima. Jambo lililoshindikana kwa maombi ya zaidi ya mwongo mmoja liliwezekana katika mwaka mmoja baada ya kura.

Wengine hawakukaa kungoja. Mapema mwaka 2023 Ofisi ya Viwango ya India ilitangaza kiwango chake cha USB-C. Saudi Arabia iliweka sharti la USB-C kwa simu na vifaa vingine kuanzia tarehe 1 Januari 2025. Hizi si nchi za Ulaya, wala si makao makuu ya kampuni zinazotawala soko la simu duniani. Ni wanunuzi waliotambua kwamba mnunuzi mkubwa naye ana sauti.

Hoja ya ubunifu inastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu si ya kipuuzi. Wanaoitetea wanasema kwamba kama sheria ingeandikwa mwaka 2009 na kulitaja tundu la micro-USB kwa jina, huenda USB-C isingezaliwa mwaka 2014, au ingezaliwa ikakosa mahali pa kwenda. Ni kweli kwamba sheria inayotaja kifaa kwa jina huzeeka pamoja na kifaa hicho. Lakini dawa ya tatizo hilo inajulikana: sheria ya Ulaya yenyewe inaipa Tume mamlaka ya kubadili kiwango teknolojia inapobadilika, bila kuanza upya safari ndefu ya kutunga sheria. Tena, tundu si simu. Soketi ya ukutani ya pini tatu bapa tuliyoirithi kutoka kwa Mwingereza inatokana na kiwango cha mwaka 1947. Je, friji, pasi na televisheni zimedumaa tangu wakati huo kwa sababu plagi haikubadilika? Kinyume chake, mtengenezaji aliyeondolewa shaka juu ya ukuta alipata nafasi ya kushindana juu ya kifaa chenyewe.

Kama tunataka kuona gharama ya kila mmoja kuchagua kipimo chake, hatuna haja ya kwenda mbali. Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani hadi Kigoma, ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. Reli ya TAZARA ina milimita 1,067, ili ioane na reli za Zambia na za kusini mwa Afrika. Tofauti yake ni milimita 67, pungufu ya upana wa kiganja. Pale Kidatu, mahali reli hizo mbili zinapokutana, behewa la kawaida haliwezi kuendelea na safari. Mzigo hushushwa kutoka upande mmoja na kupakiwa upya upande wa pili. Sasa tumeongeza reli ya kisasa ya milimita 1,435, na hivyo tuna vipimo vitatu ndani ya nchi moja. Kila kipimo kilikuwa na sababu yake kilipochaguliwa, na wahandisi wake hawakuwa wajinga. Hata hivyo, watu wa Kidatu wanaohamisha mizigo wanajua kwamba sababu nzuri tatu zikikutana bila makubaliano, kuna mtu atalipa.

Mfano wa reli unatufikisha kwenye hoja yangu ya pili. Viwango vyetu vingi tumevirithi. Soketi ni ya Mwingereza. Reli ya Kati ni ya Mjerumani. Upana wa TAZARA ulifuata reli zilizokuwapo kusini. Sasa tundu la simu tunalipata kutokana na kura iliyopigwa na wabunge ambao hakuna raia wa Afrika Mashariki aliyewachagua. Safari hii urithi umetufaa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, na kwa kweli tumepona kidogo. Lakini kunufaika kwa bahati si sera. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na Brussels si ndugu yetu kiasi hicho.

Tazama kile ambacho sheria ya wengine haitufanyii. Sheria ya Ulaya inazuia simu ya tundu la zamani isiingizwe mpya katika soko la Ulaya. Haizuii simu hiyo isiletwe kwetu. Kiwanda chenye akiba ya matundu ya micro-USB kitatafuta soko lisilo na mlango, na kwa sasa soko hilo ni letu. Ukizunguka Kariakoo leo utakuta simu mpya za vitufe zenye micro-USB zikiuzwa kama kawaida. Anayezinunua ni bibi kijijini, mlinzi wa usiku, mama muuza mboga. Kwa hiyo faida ya chaja moja inatua kwanza kwa mwenye simu ya bei kubwa, na aliyeihitaji zaidi anabaki na waya wake wa peke yake.

Jambo jingine ni kwamba umbo la tundu halitoshi. Vipo vifaa vya bei nafuu vyenye tundu la USB-C ambavyo ukivichomeka kwa waya wenye USB-C pande zote mbili havichaji kabisa, kwa sababu mtengenezaji ameacha rezista mbili ndogo zinazokiambia kichwa cha chaja kitoe umeme. Zipo nyaya zinazofanana kama mapacha, mmoja ukibeba wati 60 na mwingine wati 240. Zipo chaja zinazochaji haraka simu ya kampuni yake na kuichaji polepole simu ya jirani. Ndiyo maana sheria ya Ulaya haikuishia kwenye tundu: inataka kifaa kinachochaji haraka kwa waya kikubali pia utaratibu wa pamoja wa kupokea umeme, na inataka mteja aelezwe kifaa chake kinahitaji umeme kiasi gani. Sisi ambao soko letu lina chaja bandia nyingi tuna haja kubwa zaidi ya masharti hayo. Chaja mbovu haiishii kuharibu simu. Huweza kuunguza nyumba.

Nakiri pia kwamba hoja ya mazingira hutiwa chumvi. Tume ya Ulaya ilikadiria kwamba chaja zinazotupwa na zisizotumika ni takriban tani 11,000 za taka kwa mwaka, na kwamba wateja wangeokoa hadi euro milioni 250 kila mwaka kwa kutonunua chaja wasizozihitaji. Ni vizuri. Lakini mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Ukilinganisha, taka za chaja ni tone. Kwa hiyo simshawishi mtu kwa hofu ya taka peke yake. Namshawishi kwa gharama inayomwangukia mnyonge, na kwa swali la nani anayeamua.

Je, tunaweza? Kuna tabia ya kusema kwamba nchi zetu ni ndogo na kampuni hizi hazitatusikiliza. Historia ya karibuni inakanusha. Mwaka 2012 Kenya ilizima simu bandia katika mitandao yake. Juni 2016 Tanzania, kupitia Mamlaka ya Mawasiliano, ilifanya vivyo hivyo. Dola zilipoamua kwamba simu fulani hazifai, ziliziondoa. Uwezo tunao. Ila katika hatua zile mbili adhabu ilimwangukia mtumiaji wa mwisho: aliyenunua simu kwa nia njema dukani ndiye aliyeamka na kukuta kipande cha plastiki mkononi. Kosa hilo tusilirudie. Sharti la chaja moja lipigwe muhuri bandarini na mpakani, juu ya mwagizaji na mtengenezaji, na simu yoyote iliyokwisha kuwa mikononi mwa mwananchi iachwe ifanye kazi hadi itakapokufa kifo chake.

Kwa upande wa sheria, hatuanzi mwanzo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria ya mwaka 2006 inayohusu viwango, uthibitisho wa ubora, vipimo na upimaji, na chini yake hutolewa Viwango vya Afrika Mashariki ambavyo nchi wanachama huvitumia kwa pamoja. Jumuiya hii sasa ina nchi nane, kutoka Somalia hadi Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na watu zaidi ya milioni 300. Nchi moja ikidai tundu, mwagizaji atapitisha mzigo wake nchi jirani. Nchi nane zikidai pamoja, mtengenezaji atabadili mtambo.

Napendekeza mambo manne. Kwanza, Kiwango cha Afrika Mashariki kitamke kwamba simu mpya zote, za vitufe zikiwamo, zitumie USB-C, na kiwekewe muda wa miezi 24 ili wafanyabiashara wamalize shehena walizonazo. Kiwango hicho kipitiwe kila baada ya miaka mitano, tusije tukajifungia chumba kimoja na teknolojia iliyozeeka. Pili, kiwango kihusu pia waya na kichwa cha chaja, na alama ya wati iandikwe kwenye waya wenyewe, ambako mnunuzi ataiona, badala ya kwenye boksi linalotupwa. Tatu, mteja awe na haki ya kununua simu pamoja na chaja au bila chaja, na bei zote mbili zioneshwe. Tumeona tangu mwaka 2020 kampuni zikiondoa kichwa cha chaja kwenye boksi kwa jina la mazingira. Ni haki kuuliza kama punguzo la gharama lilimfikia mnunuzi. Nne, kamati inayoandika kiwango isijazwe na wawakilishi wa waagizaji peke yao. Waitwe mafundi simu, wenye vibanda vya kuchajia na vyama vya watetezi wa walaji. Fundi anayefungua simu kumi kwa siku anajua tundu lipi hulegea na lipi hudumu kuliko profesa yeyote, na mimi nikiwamo.

Nitapingwa kwa hoja ya bei: kwamba simu ya vitufe ikiwekwa USB-C itapanda bei, na maskini ndiye atakayeumia. Pingamizi hili nalichukua kwa uzito kuliko lile la ubunifu. Lakini bei ya simu siku ya kununua si bei yote. Weka hapo waya unaokatika kila baada ya miezi michache, chaja ya pili kwa sababu ya mume haiingii kwenye simu ya mke, na fedha ya kibandani kwa kuwa jirani mwenye umeme wa sola hana kichwa kinachofaa. Familia yenye simu nne na waya mmoja inafidia ongezeko dogo la bei ya tundu mapema sana. Isitoshe, sehemu ambayo kila mtengenezaji anaitumia hushuka bei kadiri inavyotengenezwa kwa wingi, na USB-C ndiyo inayotengenezwa kwa wingi sasa.

Kwa wanafunzi na wanaharakati wanaonisoma, nina ombi. Tumezoea kuitafuta siasa kwenye majukwaa na sanduku la kura pekee. Iko pia kwenye rasimu za viwango, ambazo Shirika la Viwango Tanzania huzitangaza ili umma utoe maoni, na ambazo wengi wetu hatuzifungui. Anayezisoma kwa makini ni mwenye maslahi. Nendeni mkazisome, mkaandike maoni ya ukurasa mmoja, mkaulize kwa nini suala la chaja halimo. Na kwa watumishi wa umma, hasa walio katika wizara za viwanda na mawasiliano: kila mnapohamishia huduma nyingine mtandaoni, jiulizeni mwananchi ataichaji vipi simu mliyomlazimisha kuitegemea.

Nyaya zangu saba bado zimo katika droo. Sikuzitupa, kwa kuwa sijui pa kuzipeleka. Siku ile nilimwona kijana amesimama mlangoni, simu mkononi, akitazama nikijaribu waya mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja ukikataa. Aliponishukuru na kutoka kwenda kugonga mlango wa jirani, niliona aibu ambayo kwa haki haikuwa yangu peke yangu. Walioamua kwamba nyaya zile zisifanane hawakutuuliza. Walioamua kwamba sasa zifanane nao hawakutuuliza. Uamuzi wa tatu bado haujafanywa, na huo tunaweza kuufanya wenyewe.